Mzee Zima na Kengele ya Mtambo Namba Mbili

Kama si mimi, mji huu ungekuwa unapiga pasi kwa mkaa mpaka leo. Hakuna anayejua kutia oili beringi kunizidi, na nimeishia darasa la saba tu. Wenye vyeti wanakuja kuniuliza wakiwa wamejifichaficha. Lakini nimeambiwa niandike habari za mstaafu, si zangu, basi nijikaze.

Fundi wetu mkuu wa mitambo anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika kituo hiki cha umeme. Sisi wa zamu tunamwita Mzee Zima, kwa sababu katika miaka hiyo amebonyeza kitufe chekundu cha dharura mara kumi na moja. Mkewe anasema taa zikikatika nyumbani, watoto hawaulizi baba yuko wapi.

Kila asubuhi hupita kwenye kila mtambo na kuugusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Wageni hucheka. Wakishaona anataja joto na geji inamkubalia, hufunga midomo.

Mara ya kwanza alizima kituo kizima kwa sababu ya harufu ya kuungua. Mji ukakaa gizani dakika arobaini, na kilichopatikana ni soksi za injinia, zimeanikwa juu ya bomba la mvuke. Injinia akafoka: "Mzee, umezima mji kwa soksi?" Akajibiwa taratibu: "Soksi nimeziona sasa, bwana mkubwa. Harufu niliisikia kwanza." Injinia yule leo ni meneja wetu, na bila shaka soksi zake anaanika kwake.

Wanafunzi wote aliowafundisha wanajua kuzima kabla ya kujua kuwasha. Mara zote kumi na moja hakuna aliyekufa. Mara moja tu mtu aliumia, na aliyeumia ni yeye.

Ilikuwa Jumamosi mchana, miaka mitatu iliyopita. Oili ilikauka kwenye beringi ya mtambo namba mbili, na kengele ya hatari haikulia. Mzee alipita, akagusa, akakimbilia kitufe. Bomba likapasuka, oili ya moto ikamrukia mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Wachunguzi hawakuona chochote kilichoizuia kengele kulia, kwa hiyo wakaandika kwamba yeye, aliyeweka saini ya ukaguzi asubuhi ile, hakuikagua. Akapewa barua ya onyo, na cheo cha msimamizi wa zamu, alichokingoja miaka tisa, akapewa mwingine. Barua hiyo bado imo kwenye faili lake, na ndiyo anayoondoka nayo.

Alirudi kazini na bandeji, akaendelea kugusa mitambo kwa mkono wa kulia. Kwa hilo, na kwa uvumilivu wa kutufundisha sisi vichwa vigumu, tunakushukuru, baba. Nenda ukapumzike na mama watoto, taa za kwako zisizimike hata siku moja, na ukigusa kitu kiwe ni paji la uso la mjukuu.

Sasa lililobaki, na meneja amelipata kwa maandishi asubuhi ya leo, nimelitia saini. Kengele ile ilikuwa imepiga kelele za bure siku nne, nami nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Saa saba, Mzee akiwa ameshakagua, nikaisindilia kitambaa changu cha bluu. Yeye alikitoa kabla wachunguzi hawajafika. Jumatatu nikakikuta kabatini mwangu, kimefuliwa na kukunjwa. Alipopita aliniambia tu, "Kijana, kilikuwa kinanuka oili." Akaficha mkono wake mfukoni.

Kengele aliikagua. Aliyeiziba ni mimi.