Upande wa Nyama

Basi lilipoiacha Urambo, Bibi Godeliva alikwisha kujua, bila kuuliza, kwamba wale wanawake wawili marafiki wa kiti cha mbele yake ni Fakhria na Sheima, na kwamba wanaikumbuka korona kama watu wanavyokumbuka harusi.

"Mume wangu Ghalibu chini ya blanketi na nyungu yake ya kujifukiza," Fakhria alicheka, "anapiga kelele kama kuku wa kuchinjwa!"

"Na sisi tunasalimiana kwa viwiko!" Sheima akadakia. "Lakini shoga, korona imekwisha, mbona sahani yangu haijaisha? Kila Ijumaa kwako tulikula sinia moja. Ukanitenga na sahani yangu peke yangu, ukasema ni kwa muda tu. Mwaka wa ngapi huu?"

"Nimekutenga? Si nakupakulia pilau mlima mzima!"

"Sitaki mlima. Kwenye sinia ulikuwa ukinisogezea nyama upande wangu kwa vidole vyako. Tangu mama afariki, nani mwingine wa kunisogezea?"

 Godeliva akasogeza sikio karibu na kiti chao.

"Watoto wamezoea sahani," Fakhria akasema mwishowe.

"Sikuulizi watoto. Ijumaa hii, sinia au sahani?"

Basi likasimama stendi ya Tabora. Fakhria akainama kutafuta kandambili zake. Godeliva jibu alikuwa nalo, ila halikuwa lake kulitoa. Tangu Urambo, wale wawili walikuwa wakila karanga kwenye leso moja iliyotandazwa katikati yao, na zilizobaki, Fakhria alikwisha kuzisogeza zote upande wa Sheima.