Jicho Safi kwa Munganga

Teksi yetu ilikuwa imeiacha Mugunga nyuma wakati mama mwenye miwani nyeusi alipomwambia muzee aliyekaa kando yake kwamba anaenda hospitali kutolewa maji kidogo ndani ya jicho, yapimwe. "Mwaka muzima walisema ni uvimbe tu. Nikikunywa vidonge, ukungu unatoka, nikiacha, unarudi. Sasa munganga anasema pengine ni kansere yenye kujifanya uvimbe."

"Na vidonge?" muzee aliuliza.

"Alinikataza kwanza. Anasema vinaificha ile kansere, hataiona mu yale maji. Lakini tangu juzi nilirudilia kuvikunywa, papa. Naweza kumupelekea munganga jicho chafu?"

Kwetu tunafagia uwanja kabla mgeni hajafika, hata kama mgeni mwenyewe ni polisi anayefuata nyayo za mwizi.

"Umwambie, mama."

"Atanigombeza!"

"Afazali akugombeze."

Tulipita Katindo wakiwa bado wanabishana. Dereva aliposimama mbele ya hospitali, mama alivua miwani, akasoma kibao chote cha getini, hata herufi ndogo za chini. "Munaona?" alisema. "Iko safi kabisa."

"Ni vile vidonge, mama," muzee alisema akimfungulia mlango. "Umwambie."