Katika Uzinduzi wa Jiwe la Kaburi la Mama Yake Colt Ransdell

Mheshimiwa Meya wa Kaunti ya Brannock, Bwana Garland Stiles. Mchungaji Crowder, mlezi wa kanisa hili na wa makaburi yake. Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani ya Mama inayosimamia kaburi hili, Bibi Twyla Beasley. Ndugu yetu Colt Ransdell, nyota wa muziki wa kantri, ambaye leo anastaafu kwa mara ya nne. Wageni waalikwa mliokuja kwa mabasi saba kutoka Ohio, Georgia na kwingineko. Na ninyi majirani zangu mliokuja kwa miguu mkiwa na viti vyenu wenyewe: habari za mchana.

Bibi Twyla amenipa dakika kumi, kitambaa cha kuvuta mwishoni, na karatasi yenye orodha ya mambo nisiyopaswa kuyagusa. Namshukuru kwa dakika na kwa kitambaa.

Nimekuwa mhariri wa gazeti la kaunti hii kwa miaka arobaini na moja. Katika muda huo nimeandika habari za mafuriko mawili, moto wa shule, na hindi moja lililofanana uso na gavana. Nimemuaga Colt Ransdell mara tatu, na kila mara nililia kidogo, kwa kuwa nilimwamini. Kwa hiyo mnisamehe leo nikiwa na macho makavu.

Tumekusanyika kuadhimisha maisha na kazi yake, na maisha hayo mnayajua kwa sababu ameyaimba. Mnajua kwamba alizaliwa katika kibanda cha mbao chenye mlango mmoja. Mnajua kwamba baba yake alichimba makaa ya mawe na kunywa pombe mpaka akauza viatu vya watoto. Mimi kazi yangu ni kuhakiki. Baba yake, marehemu Hobart Ransdell, alikuwa mfamasia wetu pale Barabara Kuu, na kitu kikali kuliko vyote alichowahi kunywa ni dawa ya kikohozi. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, yenye milango mitatu, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza mtaani kuwa na mashine ya kuosha vyombo. Mtoto wao, huyu Colt wetu, aliitwa Delbert. Alikuwa mtoto mzuri, mwenye sauti nzuri, na viatu jozi nne.

Je, hilo linampunguzia sifa? Hata kidogo! Kuimba umaskini ulioupitia ni jambo ambalo maskini yeyote anaweza. Kuuimba ule usioupitia, watu wakatoa leso, hicho ndicho kipaji.

Mwaka 1991 Delbert alirudi kutoka Nashville kwa siku mbili, akiwa amevaa kofia pana ambayo bado ilikuwa na alama ya kisanduku chake. Tuliketi kula mkate wa mahindi na maharage, akanisimulia jinsi mtayarishaji wake alivyomhoji.

“Ameniuliza, nani amekufa kwenu? Nikamwambia baba, miaka mitano iliyopita. Akasema, baba hauzi nyimbo, baba kila mtu anaye. Mama je? Nikamwambia mama mzima, anapika jamu. Akanitazama kama daktari anayekupa majibu mabaya. Akasema, kijana, basi tuna tatizo.”

“Ukamwambia nini?” nilimuuliza.

“Nikamwambia nitaona la kufanya.”

Miezi minne baadaye “Mama Chini ya Mwerezi” ilikuwa ikipigwa katika kila redio ya nchi hii. Madereva wa malori walisimamisha magari kando ya barabara ili walie kwa usalama. Na mama mwenyewe, Bibi Ovaline Ransdell, alikuwa jikoni kwake akimenya maharage aliposikia mwanawe akieleza, kwa beti nne na kiitikio, jinsi alivyomfumba macho na kumzika.

Alipiga simu. Ninayo maneno hayo kutoka kwake, na nimeyahakiki kwa Delbert, ambaye wakati ule alikuwa bado anajibu maswali.

“We Delbert, nimekufa lini?”

“Mama, ni wimbo tu.”

“Redioni wamesema ni kisa cha kweli.”

“Wamesema hivyo kwa sababu ya biashara. Vumilia miezi sita, wimbo utachuja, halafu nitawaambia.”

“Sasa watu wakija kunitafuta je?”

“Waambie wewe ni shangazi.”

Wimbo haukuchuja. Hii ni miaka thelathini na mitatu.

Ndugu wageni, sisi wa hapa tuna desturi ambayo nyinyi mliotoka mijini pengine hamnayo. Mume akitangulia, tunaweka jiwe moja la wawili. Upande wa mume tunachonga mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Upande wa mke tunachonga jina lake, mwaka wa kuzaliwa, mstari mdogo, kisha tunaacha nafasi. Mjane hulitembelea jiwe hilo kila Mei, Jumapili ya kupamba makaburi, anaweka maua kwa mumewe, anaitazama nafasi yake, halafu anakwenda kula kuku na wenzake pale mezani chini ya miti. Hatuoni ajabu. Ni kama kuwekewa kiti.

Mabasi ya mashabiki yalipoanza kuja, abiria walilikuta jiwe la Hobart, chini ya mwerezi kweli, na ubavuni jina la Ovaline, 1938, mstari, na nafasi tupu. Wakauliza: mbona hamkumalizia? Mbona mmemtelekeza mama wa watu? Kamati ikaona aibu. Ikakaa kikao, ikapiga kura, ikamwita fundi, ikaijaza nafasi ile. 1991. Muhtasari wa kikao ninao. Walijadili kwa dakika ishirini na tano aina ya herufi. Hakuna aliyependekeza kwamba wamuulize marehemu, ambaye siku ile alikuwa kwenye jiko la kanisa, umbali wa hatua sitini, akiwapikia wajumbe.

Tangu hapo Bibi Ovaline ameishi kati yetu kama shangazi yake Colt. Wageni wamemkumbatia dukani na kumpa pole ya msiba wake mwenyewe. Mama mmoja wa Ohio alimshika mkono akamwambia, “Nasikia alikuwa mtakatifu.” Bibi Ovaline akajibu, “Walizidisha. Alikuwa na mdomo.” Kila Mei anachukua ufagio na kufagia kaburi lake, kwa kuwa, anasema, si heshima kaburi kuwa chafu, hata kama halina mtu. Mwaka mmoja jina lake lilifutwa katika daftari la wapigakura. Alikwenda kulalamika, karani akamwambia, “Bibi, pole sana, lakini jiwe linasema wazi.”

Mnacheka. Nami nilicheka. Na hapa lazima niseme la kwangu. Gazeti langu lilichapisha picha ya hindi lile la gavana katika ukurasa wa kwanza, lakini habari ya mwanamke aliyezikwa akiwa hai mtaa wa pili kutoka ofisini kwangu haikupata hata mstari. Nilijua. Sote tuliokuja na viti vyetu tulijua. Mabasi yalileta wageni, wageni walikula, mji ulipakwa rangi, na sisi tukajiambia kwamba mwenyewe halalamiki.

Januari iliyopita aliugua mapafu. Nilimkuta hospitali, amekaa kitako, nywele zimechanwa.

“Wendell,” aliniambia, “mimi kufa siogopi. Naogopa kufa nimechelewa.”

“Kivipi, Bibi?”

“Nikifa mwaka huu, unadhani watafuta ile elfu moja mia tisa tisini na moja? Nani atachonga kwamba walikosea? Watanichomeka humo kimyakimya, asubuhi kabla basi halijafika. Sitakuwa na maziko, mwanangu. Maziko yangu yalishaimbwa.”

“Umemwambia Delbert?”

“Nimemwambia mara tatu. Mara ya kwanza alisema baada ya ziara. Mara ya pili alisema baada ya albamu. Mara ya tatu alinijibu msaidizi wake, akaniita shangazi.”

Alikwenda pia kwa Kamati. Bibi Twyla, usiinamishe kichwa, ulimpokea vizuri, ukampa chai baridi. Ukamweleza kwamba jiwe linabadilishwa, litakuja jipya, kubwa, la rangi ya waridi, lakini tarehe ni sehemu ya urithi wa kaunti, na kuigusa kunahitaji saini ya ndugu wa karibu wa marehemu, yaani Colt. Akakuuliza, “Na marehemu mwenyewe akitaka?” Ukamwambia fomu haina nafasi hiyo.

Ni kweli, fomu haina. Lakini mimi ni mtu wa kusoma karatasi. Nilikwenda kwenye kumbukumbu za ardhi, nikatafuta kiwanja hiki tunachokizunguka. Kilinunuliwa mwaka 1971. Mwenye kiwanja si Kamati, si kanisa, si kaunti, wala si Colt Ransdell. Ni Ovaline Ransdell, na hati haijawahi kubadilishwa, kwa sababu katika mji huu hakuna aliyeshughulika kumrithi mtu tuliyejua yu hai.

Jumanne iliyopita nilimpeleka kwa Lonzo Pruitt, fundi mawe. Lonzo alikuwa amekwisha kumaliza jiwe jipya, lenye mwaka ule ule wa kufa, kwa herufi zenye ukubwa mara mbili. Akavua miwani yake ya vumbi.

“Bibi Ovaline, hili nilishaambiwa na Kamati.”

“Ulipewa saini ya mwenye kiwanja?”

“Sikupewa.”

“Basi kalamu iko wapi? Na Lonzo, usiupake tu mwaka huo ukauziba. Ukwangue. Nataka nikipitisha kidole nisihisi kitu.”

Lonzo alikwangua kwa saa sita. Alikataa kupumzika kwa chakula. Anaye mama pia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, jiwe lililo chini ya kitambaa hiki silo lile lililoidhinishwa kwenye ratiba. Upande wa kulia lina jina, mwaka wa kuzaliwa, mstari mdogo, na nafasi. Nimeliona mwenyewe, na kesho litakuwa ukurasa wa kwanza, pamoja na miaka yetu thelathini na mitatu ya kunyamaza, yangu ikitangulia.

Wageni wetu wa mabasi, hamkudanganywa kuhusu wimbo. Ni wimbo mzuri. Bibi Ovaline mwenyewe anasema ubeti wa tatu humliza, ingawa humkasirisha pia, kwa kuwa hakuwahi kuvaa gauni la bluu.

Sitavuta kitambaa hiki. Atakivuta mwenye jiwe. Ni yule aliye safu ya pili, mwenye kofia ya njano na bakuli la viazi mapajani. Mpokeeni bakuli, tafadhali. Ana miaka themanini na sita, nyasi hizi zina mashimo, na daktari amesema asitembee bila mtu wa kumshika mkono. Kijana aliye karibu naye zaidi ni wewe, Colt. Inuka, umlete mbele. Kipaza sauti kiko kwenye ukosi wa shati lako na mafundi wamekwisha kukiwasha, kwa hiyo sote tutasikia utakavyomwita unapompa mkono.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, ndugu zangu. Msiniangalie mimi tena, waangalieni wao.