Unga wa Ndagala

Gari lilipouacha mtaa wa Magarama nyuma, Vumilia alifungua kopo akamlisha mama yake kijiko cha unga wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Bibi huyo ndiye pekee aliyejua mumewe alizikwa wapi kule Giteranyi kabla hawajakimbilia kambi za Tanzania. Msalaba ulikuwa tayari, umefungwa juu ya gari, lakini tangu warudi nchini kwao hakukumbuka kaburi lilipo.

“Unga huu una kalisiamu,” Vumilia akamwambia Hamadi, kijana wa kiti cha pembeni, aliyesoma udaktari na hakumficha mtu jambo hilo. “Redio ilisema ndiyo inayoamsha kumbukumbu.”

“Ile ya chakula iko ya mifupa, mama. Ya ubongo inaingia kwa seli kidogo tu, kama mtu anapiga hodi. Inaamsha enzimu, kama mtumishi wa humo ndani, nayo inabandika fosfeti kwa protini. Pale ndipo kumbukumbu inashika.”

“Basi nimepiga hodi kidogo.”

“Hapana, mama. Hodi inapigwa. Wa kuamka ndiye hayuko.”

“Wewe umesoma, mwanangu. Mimi nitaendelea kutwanga.”

Gari likasimama Muyinga. Bibi akashikwa mkono na bintiye, akashuka, akamtazama Vumilia kwa adabu zote.

“Asante, dada. Na ninyi mlikuwa kambi gani?”