Mbuzi Ambao Hawakuliwa

Sogeeni, wanangu, Mbithi na wewe Nzisa, vuteni viti karibu na kitanda kwa maana sauti yangu haifiki mbali tena, na huyo Munyao aliyekaa mlangoni kama mgeni mwambieni aingie ndani, yeye ni ndugu mdogo wa baba yenu na ninayotaka kusema yanamhusu sawa na ninyi. Mumina, usiniachie mkono. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nami nimefanya kazi ya sayansi muda mrefu mno hata nisiweze kubishana na kipimo kilichopimwa vizuri, kwa hiyo nitasema leo, na mtanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, hata wewe Mbithi.

Najua mnachogombania, maana mmekuwa mkinong'onezana jikoni mkidhani Mama amelala, na kuta za nyumba za mtaa huu wa Jericho hazijawahi kuficha siri ya mtu. Baba yenu amelala Wamunyu, shambani kwao, nami nataka kulala kando yake. Wazee wa ukoo wamesema haiwezekani, kwa sababu sikutolewa mbuzi wa ntheo, na kwa Wakamba mwanamke ambaye mbuzi wake hawakuliwa na watu wa kwao si mke, hata akizaa, hata akizeeka na mvi kichwani. Mbithi, wewe unataka kwenda kortini. Nzisa, wewe unataka nizikwe makaburini Lang'ata ugomvi uishe. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Basi sikieni nilikotoka. Nilizaliwa Zwolle, Uholanzi, wakati wa vita, nikaitwa Aleida, binti wa mwoka mikate. Bibi yangu alikuwa akichemsha sukari na maji mpaka yawe mazito, akatumbukiza uzi ndani ya gilasi, akaiweka juu ya kabati na kutukataza kuigusa. Baada ya siku nyingi uzi ule ulikuwa umejaa vipande vya sukari vyenye pembe zilizonyooka, na hakuna mtu aliyevichonga. Wenzangu walivila. Mimi nilikaa na changu mkononi mpaka kikaninata vidoleni, nikiuliza ni nani aliyenyoosha zile pembe, na bibi akaniambia nile niache maneno mengi. Swali hilo ndilo lililonipeleka chuo kikuu kusomea kemia wakati wasichana wa mtaa wetu walikuwa wakisomea ukatibu, na ndilo lililonileta Kenya, kwa kuwa nilitaka kuchunguza magadi ya kule ziwani, hayo hayo ambayo watu hutia kwenye maharagwe bila kuyatazama mara mbili.

Nyinyi shuleni mlisema tu kwamba Mama ni mwalimu, kwa hiyo nawaambia kazi yangu kwa mara ya mwisho. Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja tangu ncha hii hadi ile. Chembe zenyewe huzioni, hata kwa hadubini ya pale darasani. Unachofanya ni kupitisha miale ya eksirei ndani ya fuwele ndogo kama punje ya chumvi, nayo miale inatawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, halafu unakaa na yale madoa ukipiga hesabu miezi na miezi mpaka ujue kila chembe imekaa wapi na imeshikana na ipi. Wengine wangeona hiyo ni adhabu. Mimi nilikuwa na furaha, na nataka mjue hivyo.

Wanafunzi wangu wa chuo kikuu, pale Chiromo, walikuwa wakitazama madoa yale bila kuona kitu, nikaamua kuwatengenezea mifano ya mbao, mipira na vijiti, waishike kwa mikono. Ndipo nikaenda Pumwani kwa wachongaji, nikamkuta Muthama amekaa chini amebana gogo kwa nyayo, tezo mkononi, vumbi la mbao hadi kwenye kope. Nilimweleza ninachotaka kwa Kiswahili changu cha kuvunjika. Akasikiliza, akaniuliza, "Kwa hivyo madam, unataka nikuchongee kitu ambacho hakuna mtu ameona?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi umefika. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku." Nilirudi kuangalia mifano, na ilipokwisha nikaendelea kurudi, mpaka Mumina huyu, aliyekuwa akiuza mahamri kando ya karakana, akanitazama machoni akaniambia, "Wewe dada, hufuati mbao hapa."

Tulipotaka kuoana, wazee walimwambia Muthama apeleke mbuzi kwa kina msichana. Mbuzi hawapandi ndege. Muthama akafikiri usiku na mchana, kisha akachonga mbuzi kwa mti wa muhugu, wazuri hata ungesema watalia, akawafunga kwenye kasha na kuwatuma kwa posta hadi Zwolle. Baba yangu alipofungua kasha ilikuwa karibu na Krismasi. Barua ya Muthama ilikuwa ya Kiswahili, maana alisema si kazi ya bibi harusi kujiandikia posa, na hakuna aliyeweza kuisoma kwetu. Akawaweka mbuzi wangu wa mahari kwenye dirisha la duka la mikate, kando ya hori la mtoto Yesu, pamoja na wachungaji, na mtaa mzima ukaja kuwatazama. Akatuandikia kutushukuru kwa mapambo. Muthama aliposomewa barua ile alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, lakini wazee wa Wamunyu hawakucheka. Walisema mbuzi wa kutazamwa si mbuzi wa kuliwa. Mama mkwe aliniita Mukai, akanipenda, ila neno hilo likabaki pale lilipo, na sisi tukaliacha kwa kuwa tulikuwa vijana na kazi zilikuwa nyingi.

Mnakumbuka ile fuwele ya kabatini? Ilikuwa ya dawa ya gome la mti wa Ukambani, ambayo hakuna mtu duniani aliyejua imejengwaje. Kule maabara walikuwa wakijenga jengo jipya, ardhi ikitetemeka kutwa, na fuwele inataka utulivu, ukiiharakisha au ukiitikisa inatoka na nyufa. Nikaileta hapa. Baba yenu akaichongea sanduku, akaliweka kwenye kabati, na Benta wa nyumba ya pili akatangaza kwenye laini yetu yote ya nyumba kwamba mtoto wa Mukai amelala, asibamize mtu mlango. Hata wachezaji wa kandanda wakahamia kule sokoni. Nzisa, ulitembea kwa vidole mpaka mwalimu wako akaniita kuuliza kama mguu unauma. Fuwele ile ilikuwa safi, nikapima, nikapiga hesabu, nikapeleka majibu kwenye mkutano Ulaya, na profesa mmoja akasimama mbele ya watu akasema kazi iliyofanywa kabatini haiwezi kuaminika.

Nilitaka kumrushia gilasi ya maji, Mbithi, hasira hiyo uliyo nayo hukuiokota njiani. Lakini nilirudi nyumbani nikakuza nyingine, nikapima upya kila kitu, na jibu likawa lile lile, na yeye mwenyewe akaandika kukubali. Sikuona haya kurudia. Jambo likiwa kweli halipungui kwa kurudiwa.

Juzi, Mbithi, uliniambia, "Mathe, hao wazee wanatubeba ufala, hatupeleki kitu." Unaona kumtolea mama yako mbuzi leo ni kusema kwamba miaka yote hiyo alikuwa kimada. Mwanangu, mimi sioni hivyo, na ndoa ni yangu. Munyao alikaa hapa asubuhi akalia. Alisema hana chuki nami, ila hawezi kumweka mke kando ya ndugu yake kabla hajawa mke. Nikamuuliza, mbuzi wakitolewa sasa, nyumba gani iwale, na watu wangu wa Zwolle wote wamekwisha kufa? Nikamwambia, nyumba ya Mumina huyu, wa Majengo, aliyenivisha leso siku ya harusi na kusema huyu ni ndugu yangu, atakayemgusa anigusa mimi. Munyao akafikiri sana, akasema nyumba ni nyumba, na wazee atawaambia yeye.

Nirekebishieni mto kidogo. Hivyo, asante.

Mali yangu si ya kugombaniwa. Nyumba hii ni ya kaunti, nendeni mkaulize kama Nzisa anaweza kuendelea kulipa kodi kwa jina lake. Fuwele zote zirudi Chiromo, na msizioshe, zitayeyuka. Hadubini ni ya shule ya hapa mtaani. Tezo za baba yenu ni za Mbithi, na mifano ya mbao ya Nzisa. Vitabu vya Kiholanzi hakuna atakayevisoma, mpeni Benta akawashie jiko, na anisamehe kwa moshi.

Sasa... ngojeni nipate pumzi. Mbuzi wapelekwe Majengo kesho, wakiwa hai. Mwana wa Mumina ndiye atakayechinja, kwa desturi ya kwao ya Kiislamu, ili nyumba yote iweze kula. Na kamba aishike Mbithi. Si kijana wa kuajiriwa. Wewe mwenyewe, mwanangu, ukiwa upande wa baba yako, ukibisha hodi. Nikiwa nimekwisha kufa kabla ya kesho, pelekeni vile vile, wasile kwa kilio.

Nampenda baba yenu. Nimechoka kulala peke yangu.

Umesemaje, Mbithi? Sema kwa sauti, baba yako mdogo asikie... Amekubali. Munyao, umemsikia. Nzisa, usilie, njoo hapa. Mungu awatunze, wanangu. Awape kazi mnayoipenda, na watu wa kuwanyamazia mnapoifanya. Msiachane. Mumina, mwambie mwanao anoe kisu... Fungeni pazia, jua linanichoma machoni. Niacheni nilale kidogo. Kesho naolewa.