Mzee Tena na Kisanduku cha Matundu Mawili

Fundi wetu wa sauti, Elimringi Mlay, anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba kimoja kisicho na dirisha, hapa studio kwetu Majengo. Alikuja mwaka 1996 na bisibisi mfukoni. Anaondoka na bisibisi ile ile. Tumeikagua, ni yake.

Kwaya zote kuanzia Bomang'ombe mpaka Rombo zinamjua kwa jina la Mzee Tena. Ukikosea, tena. Usipokosea, tena. Aliwahi kusimamisha kwaya ya watu arobaini kwa sababu mmoja wa sauti ya nne alikuwa na pipi mdomoni. Loh! Waliondoka wakiapa hawarudi. Walirudi kurekodi albamu tatu zaidi, na pipi wakaziacha getini.

Sasa anarudi kwao Marangu, ambako ametenga chumba kando ya banda la ng'ombe kiwe studio yake. Kazi ya kwanza aliyopanga ni kumrekodi mama yake. Bibi Elisifa ana miaka tisini na moja, na ndiye pekee aliyebaki pale kijijini anayeujua wimbo wa kupura ulezi, beti zote saba. Fundi aliyerekodi nusu ya mkoa hakuwahi kumrekodi mama yake mzazi, maana mama alikuwa hataki. Mwaka huu, ghafla, akakubali.

Kamati ya zawadi, chini ya uenyekiti wangu mimi, ikaamua kumnunulia saundi kadi, kile kisanduku kinachopeleka sauti ya maikrofoni kwenye kompyuta. Mwenyewe alituandikia kwenye karatasi: matundu mawili ya maikrofoni yanatosha, kisiwe na mvumo, kisichomekwe ukutani, kitumie umeme wa kompyuta. Karatasi tuliisoma. Kisha tukanunua chenye matundu manane na taa za bluu, cha kuchomeka ukutani, kwa sababu niliona kile kidogo kitatutia aibu mbele ya wageni. Jamani, kilipendeza!

Tukampa mapema ili akakijaribu kwao Marangu. Bibi akaketi, akaanza kuimba, na kwenye ubeti wa tatu umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri, lakini kisanduku chetu cha fahari kilizima palepale. Mzee Elimringi, kwa mazoea yake, akamwambia mama yake: tena. Bibi akamjibu kwamba yeye si redio ya kuzimwa na kuwashwa, akajifunga khanga yake akaenda kumpa ng'ombe majani. Siku tisa hakutaka kusikia habari ya wimbo, na mwanawe akawa hata chakula hakimpiti.

Kosa lilikuwa langu. Nilikirudisha dukani, nikachukua cha matundu mawili, kidogo kama kipande cha sabuni. Nikapanda Marangu na jani la isale mkononi, maana kwa Wachagga ukiombwa radhi kwa isale huwezi kukataa. Kukataa huwezi, ila kuchelewesha unaweza. Nilimwamkia shikamoo, Bibi akaitikia marahaba, akaniacha nimeshika jani langu mpaka kiburu cha ndizi na maharage kilipoiva. Nikala, nikaosha vyombo. Ndipo akalipokea na kuketi mbele ya maikrofoni.

Kwenye ubeti wa tano umeme ukakatika. Kisanduku kidogo kikaendelea kutumia betri ya kompyuta, na Bibi akaendelea hadi ubeti wa saba. Kabla neno la mwisho halijaisha, ng'ombe akalia mle mle ndani ya wimbo. Nikamtazama mtu aliyesimamisha kwaya kwa pipi moja. Akavua hedifoni taratibu, machozi yanamtoka, akasema imetosha.

Wimbo huo tutausikia siku ya sherehe, pamoja na ng'ombe, ambaye Mzee amekataa katakata kumfuta.

Mzee Elimringi, asante kwa masikio yako na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, umeme usiokimbia, na Bibi azidi kukuimbia. Siku ukisikia kazi yetu ina kasoro, paza sauti hukohuko Marangu. Neno tunalijua.

Loveness,
kwa niaba ya kamati ya zawadi, iliyosamehewa