Shomoro Asiye na Jicho

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu dada yetu, yule wa kumfuata, na familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa, nami nitajitahidi kufika mwisho, ingawa leo sauti hainitii.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala na mke wake, na tangu utotoni tulimwita Chiriku, kwa utani tu, maana alikuwa ametulia kama maji mtungini. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na madaftari yake yalirudi nyumbani yamejaa ndege pembeni mwa hesabu, jambo lililomponza akachapwa mara nyingi. Baadaye alijifunza cherehani, na Februari 1985 akaajiriwa katika karakana ya kushona sare za shule, alikofanya kazi mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Mchana alishona kola kwa mashine, jioni alidarizi ndege kwa mkono. Alikaa dirishani akimtazama ndege mpaka amjue tabia, akamchora kwa penseli, mdomo, miguu, manyoya yote, ila pa jicho aliacha duara tupu, kisha akahamishia mchoro kwenye kitambaa na kuanza na jicho lenyewe, kwa uzi moja kwa moja, kwani alisema manyoya hufuata jicho, likiwa na hasira yanasimama, likiwa na woga yanajibana.

Tarehe 20 Agosti 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1994 na sasa ni mwalimu. Dada hakuwa mtu wa kugomba, yaliyomo moyoni aliyatundika ukutani, na shemeji akirudi kazini alitazama kitambaa cha sebuleni kabla hajauliza chakula, na akikuta kunguru amemkodolea jicho, alirudi nje taratibu kutafuta kosa lake. Chekeni tu, mwenyewe angependa.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo, akapasuliwa, akapigwa mionzi, na ile sauti kidogo aliyokuwa nayo ikaondoka. Jumapili iliyopita, wodini, shomoro alitua dirishani, dada akamchora, akaomba kwa ishara aletewe kitambaa na nyuzi, shemeji akakimbilia nyumbani, na aliporudi alikuta shuka limevutwa hadi usoni.

Tangu hapo shemeji anamshona shomoro yule yeye mwenyewe, kwa kufuata mchoro wa dada. Mikono iliyozoea spana imejaa matundu ya sindano, alianzia mkiani kama mtu anayeogopa kufika, manyoya mengine yamesimama na mengine yamelala, maana hayakuwa na jicho la kufuata. Ametuuliza sote, mmoja mmoja, mke wangu alikufa na hasira, au na woga, au alikuwa akinisubiri, na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa kando yake. Mimi nilimwambia ashone jicho la amani tuyamalize, akanijibu, shemeji, hiyo amani uliiona wewe? Sikuiona, na inaniuma, na sijui tutaishije na duara lile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia na kutufagilia uwanja, na wenzake wa karakana walioshona kitambaa kinachofunika jeneza, kola hazikuwahi kupata mkono mzuri kama wenu.

Sasa jeneza linafungwa. Shemeji, nakuomba usijilazimishe, mlaze shomoro kifuani pake kama alivyo, na sindano uiache palepale, na uzi mweusi ndani yake.

Dada yangu Chiriku, watu wanasubiri niseme pumzika kwa amani, nami nasema, pumzika kwa amani, lakini kama uliona jingine, jicho tumekuachia, lishone mwenyewe.